Mtoto apende kusoma: mwongozo kwa mwalimu mwenye darasa kubwa na vitabu vichache

Mwongozo huu ni wa mwalimu wa shule ya msingi ya umma hapa Tanzania, hasa anayeshika darasa la pili hadi la nne. Mzazi naye ana sehemu yake huko mbele. Nachukulia kwamba una watoto 80 au zaidi katika chumba kimoja, kitabu cha kiada wanakisoma wawili au watatu kwa pamoja, na vitabu vya hadithi ni vichache na vimewekwa ofisini. Kwa hali hiyo hiyo inawezekana kabisa watoto wakapenda kusoma. Nimeona darasa la namna hiyo likigombania zamu ya kitabu.

Kiswahili kinasomeka kama kilivyoandikwa. Mtoto akishazishika irabu 5 na silabi zake, anaweza kutamka karibu neno lolote, hata lile asilolijua maana. Ni neema kubwa kwetu walimu, lakini hapo ndipo tunapodanganyika. Mtoto anasimama, anasoma ukurasa mzima kwa sauti bila kukwama, tunampigia makofi. Muulize mbuzi alienda wapi, anakodoa macho. Ametamka, hajasoma. Na mtoto asiyewahi kupata chochote ndani ya kitabu hana sababu ya kukifungua tena akiwa peke yake. Kila hatua hapa chini inalenga jambo hilo moja: mtoto akifunga kitabu, awe ameondoka na kitu.

Hatua ya 1: Vitabu vitoke kabatini

Anzia kwa mwalimu mkuu. Shule nyingi zina vitabu vya ziada vilivyoletwa na serikali au wafadhili, na bado vinanukia upya kwa sababu vimepigwa kufuli. Mwalimu anaogopa kitabu kikipotea atadaiwa. Hofu hiyo usiibeze, iwekee utaratibu. Chukua kaunta buku moja, piga mistari ya safu nne: jina la kitabu, jina la mtoto, siku aliyochukua, siku aliyorudisha. Mwombe mwalimu mkuu alipeleke suala hili kwenye kamati ya shule, wakubaliane kwa maandishi kwamba kitabu kilichochakaa kwa kusomwa kitaandikwa kimechakaa, basi, na mtu asidaiwe. Bila makubaliano hayo, mwalimu atakayekufuata ataanza kwa kuvirudisha vitabu kabatini.

Vitabu vionekane. Funga kamba ukutani kwa kimo cha watoto, uvitundike kwa vibanio vya nguo, jalada likitazama darasa. Kama mlango haufungiki, tumia ndoo ya plastiki ya lita 20 yenye mfuniko. Panya hawaingii, mchwa hawaingii, mvua ikivuja haina neno, na jioni kiranja anairudisha ofisini. Majalada yavalishe karatasi ya kaki, na mgongo wa kitabu uupige selotepu kabla haujachanika.

Hatua ya 2: Wasomee kila siku

Hii ndiyo hatua ninayoiamini kuliko zote, na ndiyo inayorukwa mara nyingi kwa sababu haimo kwenye andalio la somo. Dakika 10 kila siku, saa ile ile. Mimi napendelea mara tu baada ya mapumziko, watoto wanaporudi wanatokwa jasho na kelele zimejaa. Hadithi huwatuliza kuliko kugonga meza.

Kitabu kimoja kinatosha darasa zima, kwa sababu anayekishika ni wewe. Kisome mwenyewe nyumbani kwanza. Tafuta mahali pa kubadili sauti: Fisi aongee kwa pua, Sungura aongee harakaharaka. Tafuta pia mahali pa kukatiza. Ukifika pale Fisi anapoinua mfuniko wa chungu, simama, uliza: "Mnadhani ndani kuna nini?" Waache wabishane kidogo, kisha soma. Mtoto aliyebashiri atasikiliza kwa makini ili ajue kama amepatia.

Anza kwa desturi yetu. Bara wengi wanasema "Hadithi, hadithi!" watoto wanaitikia "Hadithi njoo, uongo njoo, utamu kolea!" Unguja na mwambao wanaanza "Paukwa!" na kuitikiwa "Pakawa!" Usiziache salamu hizi eti kwa kuwa sasa unasoma na husimulii. Mtoto aliyezisikia kwa bibi anapozisikia tena kutoka kwa mwalimu mwenye kitabu mkononi, anaelewa mara moja kwamba ule utamu wa jioni umo pia kwenye karatasi. Siku ambayo huna hadithi, tega vitendawili. Andika ubaoni "Nyumba yangu haina mlango", wasome wenyewe kimya, anayejua aje akunong'oneze sikioni. Aliyesema yai ameshasoma sentensi nzima na kuielewa, tena bila kulazimishwa.

Mambo matatu ya kuepuka wakati huu. Usiwape zoezi la kuandika baada ya hadithi. Usimwinue mtoto asome badala yako. Na usiitumie hadithi kama adhabu, yaani "mmepiga kelele, leo hakuna hadithi", kwa sababu wenye kuihitaji zaidi ndio hao wanaopiga kelele.

Kama uko mahali ambapo watoto wanaingia darasa la kwanza wakiwa na Kisukuma au Kigogo zaidi ya Kiswahili, simulia kwanza bila kitabu, ukiwa na vitu halisi mkononi: kibuyu, kamba, jiwe. Waruhusu waelezane kwa lugha ya nyumbani kilichotokea. Kesho yake soma hadithi ile ile kitabuni. Watakuwa wanaijua, na Kiswahili chake kitaingia.

Hatua ya 3: Jua kila mtoto amefika wapi

Huwezi kumpa mtoto kitabu kinachomfaa kama hujui anaposhindwa. Tengeneza kadi moja ya manila yenye mistari minne:

a, e, i, o, u, m, k, b
ma, ku, be, si, do, lu
mwa, nye, ng'o, chu, ndi, mbwe, sha
Juma ana mbuzi. Mbuzi amekula daftari. Nani alimfungulia mbuzi?

Mwite mtoto mmojammoja pembeni wakati wenzake wanaandika. Akimaliza mstari wa nne, muulize: mbuzi alikula nini? Unadhani Juma alijisikiaje? Ukiwaita 8 kwa siku, watoto 80 unawamaliza kwa wiki mbili za masomo. Mbele ya kila jina andika namba ya mstari alioishia, na alama pembeni kama alisoma mstari wa nne ila hakuweza kujibu. Hao wenye alama ndio tunaowakosa siku zote, kwa sababu wanasikika kama wasomaji hodari.

Wakati huo huo mtazame mtoto mwenyewe. Anayekunja uso, anayeivuta kadi karibu na pua, anayegeuza sikio moja upande wako, ongea na mzazi wake ampeleke kituo cha afya akapimwe, na leo hii mkalishe mbele. Nina hakika kuna watoto wameitwa wazito miaka mingi kumbe hawauoni ubao.

Walioishia mstari wa kwanza hadi wa tatu wape dakika 15 za silabi kila siku, wawe wa darasa la pili au la nne, haidhuru. Vizibo vya soda vinafaa sana. Andika silabi moja kwa kila kizibo kwa kalamu ya maka: ka, ta, pa, ma. Waambie waunde maneno: kata, taka, paka, pata, kama. Anayepata neno jipya analiandika ubaoni. Ila wasikose dakika zao 10 za hadithi kwa ajili ya silabi. Tukiwalisha silabi tupu muhula mzima, tutakuwa tumewafundisha kwamba kusoma ni kazi isiyo na mwisho wala malipo.

Hatua ya 4: Wafundishe kuyafungua maneno marefu

Watoto wengi wanaosoma vizuri darasa la pili wanakwama darasa la tatu, na sababu yake iko wazi ukiangalia vitabu. Sentensi zinaacha kuwa "Paka anakula" na kuwa "Paka alimtazama panya anayemkimbia". Neno moja limebeba mtendaji, wakati, mtendwa na tendo. Mtoto anaanza a-na-ye-m, akifika mwisho ameshasahau mwanzo.

Yafungue ubaoni, kila neno kwenye mstari wake, ukianzia kwenye kiini ambacho mtoto anakijua:

kimbia
kimbiza
mkimbiza
anamkimbiza
anayemkimbiza

Wasome wote kushuka, kisha kupanda. Kisha uliza: hapa nani anakimbiza, nani anakimbizwa? Siku nyingine chukua soma, somea, tusomea, wanatusomea, wanapotusomea. Wiki chache za mazoezi haya, dakika 5 tu kabla ya kipindi, na watoto wanaanza kuyaona maneno marefu kama kitu cha kufungua. Watakuomba neno refu zaidi. Wape.

Mtoto anaposoma kwa sauti na kukwama, nyamaza kwanza. Hesabu moja hadi tano moyoni. Wengi wanajinasua wenyewe ndani ya muda huo, na kujinasua kunawapa nguvu. Akishindwa, mfunikie neno kwa kidole ubakize kiini, asome, kisha ufunue kilichobaki. Akishindwa tena mwambie neno, aendelee, hadithi isipoe. Akikosea pasipoharibu maana, kwa mfano amesoma "akaenda" mahali pa "alienda", mwache. Ukimkatiza kila sentensi, mwisho wa ukurasa atakuwa anajua makosa yake tu.

Na liwepo katazo moja lisilojadiliwa darasani: hakuna kumcheka anayesoma. Liseme siku ya kwanza na ulisimamie kila siku. Fimbo nayo ikae mbali kabisa na kitabu. Mtoto aliyechapwa kwa kushindwa kusoma atajifunza kukikwepa kitabu maisha yake yote, na huyo ni vigumu mno kumrudisha.

Hatua ya 5: Mwache achague

Gawa darasa makundi matano, kila kundi na siku yake ya ndoo. Kwa watoto 80 kila kundi lina 16, na wakisoma wawiliwawili unahitaji vitabu 8 tu. Kundi lenye zamu linakaa chini nyuma ya darasa au chini ya mti, wengine wanaendelea na kazi ya kuandika. Katika jozi mpange anayeweza na anayejikongoja, lakini wasipishane mno. Bingwa wa darasa akikaa na asiyejua silabi, bingwa atasoma yote na mwenzake atatazama picha.

Wachague wenyewe. Wafundishe kipimo cha vidole: fungua ukurasa wa katikati, soma, kila neno lisiloeleweka inua kidole. Vidole vitano vikisimama kabla ukurasa haujaisha, kitabu hicho kisubiri, tafuta kingine. Waambie pia kwamba ni ruhusa kukiacha kitabu kisichonoga. Walimu wengine hawalipendi hili, wanaona ni kumdekeza mtoto. Lakini sisi wakubwa tukifungua gazeti hatusomi kila habari, na mtoto hawezi kujua anachokipenda kama hajaruhusiwa kukataa.

Kurudia kitabu kile kile si uvivu. Mtoto anayekisoma mara ya sita anakisoma kwa mtiririko, kwa sauti za wahusika, na hapo ndipo anapoonja raha. Mpeleke darasa la kwanza akawasomee wadogo. Zawadi hiyo naipenda kuliko peni na madaftari. Mashindano ya nani amemaliza vitabu vingi siyapendi kabisa, kwa sababu watoto wanageuza kurasa ili wahesabiwe.

Hatua ya 6: Tengenezeni vitabu vyenu

Vitabu vikiisha, na vitaisha haraka, darasa liandike. Watoto wanasimulia, wewe unaandika ubaoni maneno yao yenyewe. Kitu chochote kilichotokea shuleni kinafaa. Hadithi ya namna hii inatosha:

Mbuzi aliingia darasani. Alikula chaki. Akatafuna daftari la mahudhurio. Mwalimu akauliza, "Nani hayupo leo?" Mbuzi akajibu, "Meee!"

Chukua karatasi 4 za A4, zikunje katikati kwa pamoja, utapata kurasa 16. Valisha jalada la manila. Toboa matundu matatu kwenye mkunjo: la kati, la juu, la chini. Ingiza sindano tundu la kati ukitokea ndani, uache mkia wa uzi. Rudi ndani kwa tundu la juu, shuka moja kwa moja hadi tundu la chini utoke nje, kisha urudi ndani kwa tundu la kati. Funga ncha mbili za uzi fundo, zikiubana ule uzi mrefu unaopita katikati. Kitabu hiki hakiachii kurasa kirahisi kama cha kubana kwa pini, na watoto wa darasa la nne wanaweza kukishona wenyewe.

Kila ukurasa uwe na sentensi moja au mbili na mchoro wa mtoto. Majina ya waandishi yaandikwe juu ya jalada. Kisha kitundikwe kwenye kamba pamoja na vile vya dukani. Utaona ni kipi kinachakaa kwanza.

Kama una simu yenye intaneti, Maktaba Mtandao ya Taasisi ya Elimu Tanzania ina vitabu vya kiada na vya ziada vya kusoma bure, na African Storybook ina hadithi nyingi fupi za Kiswahili zenye picha, zinazoruhusiwa kupakuliwa na kuchapishwa. Pakua ukiwa mahali penye mtandao mzuri. Hadithi moja fupi unaweza kuinakili kwa maka kwenye karatasi za manila, ukabandika mbele, watoto 80 wakaisoma kwa pamoja.

Hatua ya 7: Nyumbani, hata kama mzazi hajui kusoma

Kwenye kikao cha wazazi usianze kwa kuwaambia wanunue vitabu. Wengi watainamisha vichwa, na waliokatishwa masomo wataona hili haliwahusu. Waambie kitu wanachoweza leo jioni: mama anapika, mtoto anakaa karibu na kumsomea. Mama asiyejua kusoma ana maswali mawili yanayomtosha, "Ikawaje?" na "Kwa nini alifanya hivyo?" Maswali hayo mawili yanamlazimisha mtoto aelewe anachosoma, na ndilo lile tulilolikosa mwanzo.

Maandishi yapo kila nyumba. Mtoto amsomee mama jina la kanga yake na waulizane lina maana gani. Asome mfuko wa unga, karatasi ya dawa, meseji iliyoingia kwenye simu, jina lililoandikwa nyuma ya daladala. Babu na bibi wasimulie, mtoto aandike hadithi hiyo na kuileta shuleni ikashonwe kitabu. Nimeona wazazi waliokuwa wanakwepa vikao wakija kuuliza kama kitabu cha bibi yao kimeshatundikwa.

Kazi za nyumbani zipo, najua. Kuchota maji, kulea mdogo, kuchunga. Ongea na mzazi kuhusu dakika 10 tu kabla giza halijaingia, kwa sababu si kila nyumba ina taa ya kusomea.

Wakubwa wa darasa la tano hadi la saba

Hawa tunawasahau tukidhani wameshajua. Wasomee nao, hadithi ndefu za sura nyingi, sura moja kwa siku. Wavulana wanaosema hawapendi hadithi waletee kurasa za michezo za magazeti ya zamani. Mtoto anayebishana kuhusu Simba na Yanga atasoma habari ndefu mpaka mwisho ili ashinde ubishi. Kagua kwanza, magazeti ya udaku usiyaingize darasani. Waachie pia vitabu vya wanyama, vya kilimo, vya jinsi vitu vinavyofanya kazi.

Kama shule iko karibu na mji wenye maktaba ya mkoa, omba miadi na mkutubi uwapeleke siku moja kwa makundi. Mikoa mingi ina maktaba ya Bodi ya Huduma za Maktaba, na walio Dar es Salaam wana Maktaba Kuu ya Taifa, ile ambayo Mwalimu Nyerere aliifungua tarehe 9 Desemba 1967. Uliza mapema kuhusu sehemu ya watoto na utaratibu wa kujiunga, ili watoto wakifika wasiishie kutazama rafu.

Likizo

Wiki mbili kabla ya kufunga shule, anza kuandaa vitabu vya kwenda nyumbani. Katika likizo ndefu mtoto asiyegusa maandishi anarudi amepoteza kasi, hasa aliyekuwa ndiyo kwanza anaanza kutiririka. Kila mtoto aondoke na kimoja, hata kama ni kile mlichoshona, kikiwa kwenye mfuko wa plastiki na jina lake kwenye kaunta buku. Wanaoishi jirani wapewe vitabu tofauti na waambiwe wabadilishane.

Siku ya kufungua, pokea vitabu kabla ya kukagua sare na kucha. Kila anayerudisha aseme jambo moja lililomshangaza kwenye kitabu chake. Ambaye hana la kusema usimgombeze, mwandike pembeni. Huyo akae karibu nawe wiki ya kwanza ya hadithi.